Jinsi ya Kuifukua Nambari Iliyozikwa Kwenye Ripoti ya Mtoto

Mzazi uliyesomeshwa na 8-4-4, mwongozo huu ni wako. Umepokea ripoti ya mtoto wa Gredi ya 9, umeisoma kutoka juu hadi chini mara mbili, na hujaona mahali palipoandikwa amekuwa wa ngapi. Umeigeuza. Nyuma hakuna kitu isipokuwa wino wa muhuri uliopenya karatasi. Umeinua macho ukamtazama mtoto, naye akakutazama kwa utulivu wa mshukiwa anayejua kwamba ushahidi umeshateketezwa.

Tulia. Nambari haijafa. Imezikwa, tena kaburi lenyewe si la futi sita. Ukiwa na kalamu, kikokotoo cha simu na jirani mwenye mdomo mwepesi, utaifukua kabla chai haijapoa.

Kwanza kumbuka ulikotoka, ili hasira yako iwe na msingi. Ripoti ya 8-4-4, mfumo ulioanza 1985, ilikuwa na maandishi mengi lakini mstari mmoja tu ndio uliosomwa: nafasi ya 34 kati ya 46. Mstari huo uliwapa watu wote nyumbani kazi ya kufanya. Baba hakuwa na haja ya kujua kama mtoto anaweza kukokotoa eneo la duara. Alitaka kujua wale 33 waliomtangulia wanakula chakula gani, na huyo wa kwanza ana vichwa vingapi. Mama alitaka kujua mtoto wa jirani yuko wapi katika hao 33. Aliyeshika mkia alijulikana kijiji kizima, na akiwa mjanja alijitetea kwamba bila yeye wa 45 angekuwa wa mwisho. KCPE nayo ilikuwa na alama 500. Mtoto aliyevuka 400 alirushwa juu na wajomba, akaimbiwa, na akibahatika akatokea gazetini amekumbatiwa na nyanya yake. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, na KCSE imepangiwa kuaga 2027.

Badala yake umeletewa mtaala wa umilisi, ulioingia shuleni kote nchini Januari 2019, na ambao unauliza jambo ambalo wewe hukuwahi kuulizwa: mtoto anaweza kufanya nini? Majibu yamepangwa katika ngazi nne. Kuzidisha Matarajio, Kufikia Matarajio, Kukaribia Matarajio, Mbali na Matarajio. Mtaani hakuna mwenye muda wa kutamka hayo yote, kwa hiyo ni vifupisho vya Kiingereza: EE, ME, AE na BE. Zingatia kwamba katika ngazi zote nne hakuna anayefeli. Hata aliye mbali na matarajio bado yuko njiani, amechelewa gari tu. Jambo hili litakusumbua, hasa ukikumbuka ulivyochapwa kwa alama 41.

Shika kalamu

Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, limekusaidia pakubwa. Ngazi nne ziliwatosha watoto wadogo. Ilipofika KJSEA ya kwanza, tathmini ya kufunga sekondari msingi, mwishoni mwa 2025, kulikuwa na watoto zaidi ya milioni 1.1 wa Gredi ya 9 wa kugawiwa nafasi katika sekondari pevu, na umati huo haukuenea kwenye ngazi nne. Kila ngazi ikakatwa mara mbili, na kila kipande kikapewa pointi. EE1 ni pointi 8, alama 90 hadi 100. EE2 ni 7, kuanzia 75 hadi 89. ME1 ni 6, kuanzia 58 hadi 74. ME2 ni 5, kuanzia 41 hadi 57. (Ndiyo, umesoma vizuri. Ile 41 yako siku hizi imefikia matarajio. Fimbo hazirudishwi.) Kisha zinafuata AE1 na AE2, halafu BE1, na mwisho BE2 yenye pointi 1, ya mtoto aliyepata alama 1 hadi 10. Sifuri haikutajwa, nadhani kwa adabu.

Isome orodha hiyo tena polepole. Mwenye 57 na mwenye 58 wametengana kwa pointi nzima, ilhali mwenye 58 na mwenye 74 ni mapacha. Ikiwa wako ana 74, hiyo ni dhuluma, na utaizungumzia kwenye kila harusi. Ikiwa wako ana 58, ni mfumo wa busara unaotambua kwamba binadamu hapimiki kwa alama moja moja. Jua kwanza wako ni yupi, ndipo uwe na msimamo kuhusu elimu ya taifa.

Sasa jumlisha. Masomo ya sekondari msingi ni tisa, na tisa mara nane ni 72. Hakuna aliyekuomba ujumlishe. Maana yote ya kumpa mtoto ngazi kwa kila somo ni kwamba Kilimo na Hisabati zisipikwe chungu kimoja, ili mzazi aone mtoto ana mkono wa kufanya nini na anahitaji kushikwa mkono wapi. Wewe pika. Ukipata 61, gawanya kwa 72, zidisha kwa 500, utapata 423 na ushei. Hapo sasa! Mtoto amepata 423 katika KCPE ambayo haipo. Mpigie mjomba wake aliye Doha umtajie mia nne ishirini na tatu. Ataelewa papo hapo, na huenda akatuma kitu. Ungemwambia kwamba mpwa wake amezidisha matarajio katika Sayansi Jumuishi na kuyafikia katika Masomo ya Kijamii, angekuuliza kama mtoto ni mgonjwa.

Usijione mshamba kwa kufanya hesabu hizi. Mwaka 2014 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku kuzipanga shule na watahiniwa kwa matokeo, na nchi ikatii kwa kujitengenezea orodha zake yenyewe. Ukivuka Namanga utakutana na ndugu zetu. Matokeo ya kidato cha nne ya 2014 Tanzania yalitolewa kwa GPA, watu wakalalama, na divisheni zikarudishwa chini ya Waziri Joyce Ndalichako. Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Jaribu kukaa na mzazi wa Dar es Salaam dakika tano bila kutajiwa divisheni wani ya mtu. Hata Kanada, ambako hatukutarajia tabia hizi, jimbo la British Columbia liliondoa A, B na C mwaka 2023 kuanzia chekechea hadi gredi ya 9, likaweka ngazi nne za umahiri, na wazazi wakauliza tunayouliza sisi. Gredi za 10 hadi 12 ziliachiwa herufi na asilimia zake. Chuo kikuu kikianza kunusia mlangoni, hata Mkanada hutaka nambari.

Mradi wa mtoto, yaani wako

Hapa pana utamu, na pia pana gundi.

Ripoti uliyoshika ina historia ndefu kuliko unavyodhani. KJSEA haikuanza siku ya mtihani. Asilimia 20 ilitoka kwenye KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 ikatoka kwenye kazi za Gredi ya 7 na 8 ambazo mwalimu alizitathmini na kuzipakia kwenye mtandao wa KNEC, na asilimia 60 pekee ndiyo iliyotokana na mtihani wa Gredi ya 9. Maana yake ni kwamba ule usiku uliokaa sebuleni ukikata maboksi, mtoto amelala, wewe ndiye uliyekuwa mtahiniwa.

Tunakumbuka sote. Saa tatu usiku mtoto anatoka chumbani na kukutangazia kwamba kesho asubuhi anahitaji karatasi ya manila, rangi tatu, majani makavu ya mgomba na mbegu za aina tano. Ameijua habari hii tangu Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Duka limefungwa, na mama mboga, akiamshwa, ana mbegu za aina moja. Wazazi wa mijini walivamia masoko kutafuta nguo kuukuu za kuvisha sanamu za kufukuza ndege, katika mitaa ya ghorofa ambako hakuna shamba na ndege wenyewe hula chipsi. Septemba 2021 wakili Esther Ang'awa alikwenda Mahakama Kuu kuupinga mtaala huu, na wazazi wengi waliokuwa na vidole vilivyogandamana walimwombea dua kimya kimya. Waziri wa wakati huo, marehemu George Magoha, hakutetereka. Mtaala ukaendelea, na maboksi yakaendelea.

Ukiwa mzoefu, zingatia ufundi ufuatao kwa ajili ya miradi ya sekondari pevu, ambayo ni mikubwa zaidi. Usitengeneze kitu kizuri mno. Mwalimu ameona mengi, na kielelezo cha figo chenye mishipa iliyopakwa rangi kwa brashi nyembamba anajua kimetoka kwa baba mwenye karakana. Acha gundi ionekane. Kosea herufi moja. Upande mmoja uwe mfupi kidogo kuliko mwingine, lakini usiwe mfupi kiasi cha kuangusha kitu chote mwalimu akikigusa, maana hapo utapewa AE1 na utalazimika kuishi nayo. Namjua mhasibu aliyefaulu mitihani yake yote ya uhasibu na ambaye mpaka leo hajapona kutokana na Kukaribia Matarajio aliyopewa kwa kikapu.

Usiku wa kabla ya kuwasilisha, mfundishe mtoto mradi wake. Atasimama mbele ya darasa aeleze jinsi alivyoutengeneza, na ni vibaya aseme kwamba ulipofika kwenye gundi alikuwa ameshalala.

Katika mambo haya yote, watu pekee ambao wamezidisha matarajio bila ubishi ni wenye maduka ya saiba. Kila picha ya rangi iliyohitajika usiku iliwapitia. Kwa mzazi wa mjini hiyo ilikuwa kero. Kwa mama aliye Turkana au ndani Kwale, ambaye saiba ya karibu iko nauli ya bodaboda kwenda na kurudi na kibarua cha siku kimekwenda na nauli, hiyo picha ya rangi ilikuwa ndiyo mtihani wenyewe, na mtoto wake alipewa ngazi kwa mfuko wa mamake. Hilo halikuandikwa kwenye safu yoyote ya ripoti.

Kuwachunguza wenzako bila kujulikana

Kwa kuwa shule imekataa kukuambia watoto wengine wamepata nini, itabidi uwaulize wazazi wao. Kamwe usiulize moja kwa moja. Ingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa darasa na uandike: "Hongereni nyote kwa matokeo. Wetu amejaribu, tunamshukuru Mungu." Kisha weka simu chini.

Baada ya robo saa atatokea mama mmoja wa kukujibu kwamba wao pia wanamshukuru Mungu, kwa EE sita. Hukuuliza, ametoa mwenyewe. Atafuatwa na baba atakayemshukuru Mungu kwa saba. Ukiona Mungu anashukuriwa bila takwimu, hesabu hiyo ni ME. Anayetuma alama ya mikono iliyokunjwa peke yake ana AE nyumbani. Anayesema kwamba elimu si kila kitu na kwamba Bill Gates hakumaliza chuo, mwombee. Msimamizi wa kikundi ataingia saa nne usiku kukumbusha kwamba kikundi hiki ni cha mambo ya shule pekee, na ukimfahamu mtoto wake utaelewa kwa nini ameyaona mazungumzo haya kuwa si ya shule.

Andika pembeni. Kwa wazazi hamsini na kitu utakuwa na orodha kamili kufikia Jumapili.

Siku ya kuonana na mwalimu

Mwalimu wa darasa amepewa mafunzo ya kukukwepa, ila mafunzo hayo ni ya siku chache na wewe una uzoefu wa miaka. Mazungumzo huenda hivi:

– Mwalimu, pole na kazi. Mtoto anaendeleaje?

– Anaendelea vizuri, mama. Kwenye mawasiliano na ushirikiano yuko sawa. Fikra tunduizi zinakuja. Ubunifu anao, na kujiamini ndiko kumezidi.

– Nashukuru sana, mwalimu. Kwa hiyo amekuwa kama wa ngapi?

– Siku hizi hatupangi, mama.

– Najua, nimesikia. Lakini kama mngekuwa mnapanga?

Mwalimu atatazama dirishani. Usiseme kitu. Mwache atazame.

– Angekuwa kwenye kumi.

– Kumi ya juu au kumi ya chini?

Ukifika hapo umeshinda, lakini usimdhulumu mtu huyu zaidi ya hapo. Umilisi wa kimsingi uko wa aina saba, darasa lina watoto hamsini na kitu, na kila mada ndogo ina jedwali lake la kutathminia. Anapakia alama usiku kwa simu yake, kwa bando alilonunua mwenyewe. Ndiyo maana maoni ya watoto wawili walioketi dawati moja yanafanana neno kwa neno, na ya mwanao yana jina la mtoto mwingine katikati ya sentensi. Ukikuta pameandikwa kwamba anaweza kufanya vizuri zaidi akitia bidii, usitafute siri yoyote. Wewe pia uliandikiwa hivyo, na babako pia.

Mkondo, na aibu ya C1

Sekondari pevu ina mikondo mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Huu ndio uwanja ambapo mzazi na mtoto hukutana wakiwa na silaha.

Mtoto ana EE1 katika Sanaa Bunifu na Michezo tangu alipoanza kupewa ngazi. Anachora, anacheza, sauti yake ikisikika kanisani hata mchungaji huacha kusoma matangazo. Katika Hisabati ana AE2. Kwa ushahidi huu, mfumo wa kupima ujuzi umefanya kazi yake yote, umesema waziwazi mtoto huyu ni nani. Baba amevaa miwani, ameisoma ripoti, na ameamua kwamba mtoto atafanya STEM.

Mtoto akishinda ugomvi, usikate tamaa, mzazi. Mkondo wenyewe una neno sayansi ndani yake. Watu wakikuuliza mtoto anafanya nini, sema "sayansi" kwa sauti ya kutosha, halafu kohoa. Kuna baba ambaye kikohozi hicho kimemchukua mwaka mzima na watu wa ukoo wanaamini ana mwana daktari.

Kwa Hisabati, watoto nusura waponyoke kabisa. Mpango wa awali ulikuwa Hisabati isiwe lazima kwa kila mtu katika sekondari pevu. Kelele zikapigwa, na mwaka 2025 Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mtoto ataifanya: nzito kwa walio STEM, nyepesi kwa wengine. Wazazi walioongoza kelele hizo ni wale wale ambao kazi ya ziada ya Hisabati ya Gredi ya 6 iliwafanya wajifanye wana simu ya dharura.

Kuhusu shule, fahamu kwamba zimepangwa kwa makundi kuanzia C1 hadi C4, na C1 ndiko ziliko zile zilizokuwa shule za kitaifa. Hili litakuletea taabu na wazee. Ukimwambia babu kwamba mjukuu wake ameingia C1, atanyamaza kidogo, kisha atasema C si mbaya sana, wapo waliopata D na leo wana magari. Usimsahihishe. Taja jina la shule tu.

Hapa kuna jambo ambalo wataalamu wa mtaala hawapendi kulizungumza wakiwa na kipaza sauti. Wanasema mzazi anang'ang'ania nambari kwa sababu hajaelimishwa, na wanamwandalia semina. Mzazi huyo amewaelewa vizuri sana. Shule za C1 zina vitanda vya kuhesabika, na watoto wanaozitaka hawahesabiki. Mtu fulani, au kompyuta fulani, lazima amkubali huyu na amwache yule, na anapofanya hivyo hatumii kujiamini wala ushirikiano wa mtoto. Anatumia zile pointi nane. Ngazi iliyotolewa ili kumwambia mtoto ajirekebishe wapi inageuka kuwa tiketi ya kuingilia, na tiketi ikiwa chache watu huuliza aliye mbele yao ana namba gani. Ukimwambia mzazi aache kulinganisha wakati mlango wenyewe unalinganisha, unamwomba asimame nyuma ya foleni kwa hiari. Sijaona semina ya kutibu hilo. Vitanda vingelitibu, na walimu wa Fizikia katika zile shule za C4 ambazo hakuna anayeziandika za kwanza kwenye fomu.

Basi. Turudi kazini.

Kwa mwanafunzi: namna ya kumlea mzazi wa 8-4-4

Kijana, umeachiwa kazi ngumu. Mzazi wako alilelewa na kengele ya saa kumi alfajiri na vitabu vya mitihani iliyopita, na sasa anatakiwa kufurahia kwamba umeonyesha uwajibikaji. Mvumilie.

Kwanza ujue anachokuonea wivu, na anachokosea. Anadhani unastarehe kwa sababu hakuna mtihani wa kufa na kupona kila muhula. Hajui kwamba wakati wake mtu aliweza kulala muhula mzima, akakesha wiki ya mwisho akikariri, akaibeba ile mwakenya, kikaratasi cha majibu, kwenye soksi, na akaibuka wa tano. Wewe unatazamwa kila wiki. Mwakenya haisaidii mtu aliyeambiwa atengeneze sabuni mbele ya darasa na ikakataa kuganda. Mweleze hilo siku ambayo umeme umerudi na chakula kimeiva.

Usimweleze kuhusu kazi za kikundi. Wewe unajua ukweli: mmoja anafanya, mmoja anashika rula, wawili wanaburudisha, wa tano anaandika majina, na wote mnapewa EE ya ushirikiano. Ukiwa wewe ndiye uliyefanya, uchungu wako ni halali. Ukiwa wewe ndiye uliyeandika majina, nyamaza na ujivunie mwandiko.

Ripoti mpe akiwa ameketi. Anza na somo la EE, hata kama ni moja na ni la kucheza mpira, kisha ukae kimya ili aliulizie yeye mwenyewe somo analoliogopa. Akikuta BE2, usiseme kwamba ngazi hii haimaanishi umefeli bali unahitaji kusaidiwa. Hiyo ni kweli, imeandikwa kwenye mwongozo wa mtaala, na ni sentensi hatari kuitamka ukiwa karibu na mtu aliyetoka kulipa karo. Sema utakwenda kumwona mwalimu Jumatatu. Halafu uende kweli, kwa sababu mwalimu anaweza kukwambia ni mada ipi hasa iliyokushinda, jambo ambalo nafasi ya 34 haikuwahi kumwambia babako.

Atakuambia alikwenda shule bila viatu. Mwache afike mtoni. Kila hadithi hiyo inavuka mto, na ukimkatiza kabla ya mto anaanza upya nyumbani kwao.

Mwisho ni jamaa wa likizo. Shangazi atakuja Desemba, atakushika shavu na kuuliza ulikuwa wa ngapi. Usimwambie kwamba hampangwi, utafungua baraza. Usimweleze EE1. Mwambie tu, kwa sauti ya unyenyekevu, kwamba Kiswahili ulipata nane na Kiingereza nane. Atadhani ni nafasi ya nane, au, Mungu akikujalia, nane kwa mia. Atasikitika, atasema hata nane si haba, atakutia moyo kwa mifano ya binamu zako, kisha atafungua mkoba akupe shilingi mia mbili za kununua kitabu cha mazoezi. Pokea kwa mikono miwili. Shukuru. Ukiwa na masomo mengine ya nane, yataje moja moja, na ukae karibu na mkoba.